Kurasa Nne za Mama

3 Machi

Baba,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Sisi wazima, ila nina hasira, nisipokwambia nitapasuka.

Mchezo wetu wa kuigiza umerudi kutoka ofisini kwenu na mhuri wa kibali, lakini kurasa nne zimefutwa kwa wino mwekundu. Mkono naujua. Katika wakaguzi wote, ukaguliwe na wewe! Umefuta kifo cha Mama. Hospitali haikuwa na dawa, nawe ulikuwepo, umemshika mkono. Uongo uko wapi?

Binti yako

7 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Magoti ndiyo hayo, ngazi za ofisi zitayamaliza.

Nani kasema ni uongo? Uongo ungepita bila taabu! Nimebakiza miezi mitatu nistaafu, nawe unaniletea hospitali ya serikali mezani. Ukaidi huu ni wa mama yako, Mungu amrehemu. Ningeziacha kurasa zile, wakubwa wangekifungia kikundi chako chote. Jumamosi nitakaa mstari wa mbele na nakala yenye mhuri. Likitamkwa neno moja nililofuta, sina la kukusaidia.

Baba yako

16 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimekutafuta kila kona ya ukumbi, kumbe umeondoka bila hata kuniaga.

Nakuwahi kabla hujaandika ripoti. Hatukutamka neno. Tulipofika kwenye kurasa zako, tulisimama kimya kando ya kitanda cha Mama mpaka muda wa kurasa hizo ukaisha. Sasa yule mama aliyepaza sauti kule nyuma, "Dawa hazikuwepo!", na ukumbi mzima ukaitikia, nilimtuma mimi? Watu wamefiwa, Baba! Najua fomu yenu inataka jina la mkosaji. Ukiandika langu nitakuelewa. Kukusamehe, sijui.

Binti yako

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Umenichosha, wewe mtoto. Miaka thelathini nafuta maneno ya watu, sijawahi kuona ukimya unaopiga kelele namna ile.

Nimeandika kwamba kikundi chako hakikukosea. Yule mama nilimtambua. Ni nesi aliyekuwa zamu siku mama yako alipofariki. Alilia kuliko mimi. Bado anafanya kazi wodini, ana watoto wanaosoma. Yeye amesema. Mimi nilikuwepo, nikanyamaza miaka sita, kisha nikakunyamazisha na wewe.

Wameniita Jumatatu, nirudishe na mhuri. Usije kunishukuru, nitagomba. Fomu ilitaka jina la mkosaji, nimejaza langu.

Baba yako