"Naja" ya Imani

Jumanne, 8 Oktoba 2024
Kijiji chetu cha Nyangamara kimepata mgeni, na mgeni kanipata mimi. Bahati yake! Anaitwa Devota, mtafiti, Mmakonde wa Newala aliyesomea Dar. Kofia yake kubwa kama ungo. Hatafiti korosho wala mbu. Anatafiti vichwa! Anataka kujua wanaojibu papo kwa papo wanaamini mambo gani, na wanaojishika kwanza wakafikiri wanaamini yapi. Mwenyekiti kasema nimzungushe nyumba kwa nyumba kwa sababu Kimwera najua, Kiswahili najua, na nina sura nzuri. Hilo la sura hakulisema. Lilikuwa machoni.

Shule niliishia kidato cha pili. Lakini niliishia vizuri.

Njiani nikamwambia, dada Devota, Mmakonde kupima kichwa cha Mmwera ni sawa na kuku kumpima mwewe. Akasema atakipima changu kwanza, maana kinaonekana hakijatumika. Utani huo nimeupenda.

Imani wangu angeniona leo na begi la utafiti begani! Ila yuko Kilwa Masoko kwa shangazi yake, anajifunza cherehani. Tangu masika. Siku ile anapanda gari la Lindi, aligeuka mlangoni akasema, "Naja." Neno moja tu. Ninalo mpaka leo, halijachuja.

Alhamisi, 10 Oktoba
Maswali yake ni mitego, wallahi. Anakusomea, unatoa jibu linalokuja mbio. Kisha unatulia, unatoa la pili. Kama hili: una muwa mmoja, unataka vipande vitano, utapiga panga mara ngapi?

Mimi: tano! Kwa sauti, kifua mbele. Nikahesabu kwa vidole... nne. Aibu! Nikasema nilikuwa namjaribu.

Bibi yangu kajibu pigo moja tu. Kwa nini, bibi? Akasema, nakata kipande changu, kinachobaki nampa huyu mjukuu wangu, meno anayo. Devota alicheka mpaka kofia ikamvuka.

Baada ya mitego yanakuja ya kuamini. Kope la juu likicheza maana yake nini? Bibi akamtazama kama mtoto. Utamwona uliyemkosa siku nyingi, akasema, na likicheza la chini utalia, kwani kwenu Newala hamna kope?

Jirani yetu Mzee Alfonsi, yeye muwa kaupata bila kupepesa. Kope? Likicheza nina usingizi, basi. Devota akafurahi, akaandika. Akamuuliza na habari ya bundi. Mzee akageuka kuangalia paa lake. Bundi ni jambo jingine, akasema, na usimtaje hapa kwangu.

Sikumwambia mtu: kope langu la juu, la kulia, linacheza tangu juzi.

Ijumaa, 11 Oktoba
Bado linacheza. Devota kaliona. Kaniuliza kama nalala vizuri. Nikamwambia hayo mapenzi, dada, hayana panadol. Basi mdomo ukafunguka, nikamweleza habari zote za Imani: anavyocheka huku kaziba meno, anavyoniita "profesa wa kidato cha pili".
— Haya, akasema. Jibu la kwanza. Atarudi?
— Atarudi.
— Umejuaje?
— Alisema naja.
— Na jibu la pili?
Nikamwambia twende nyumba inayofuata, kwa mama Martina, jua linapanda.

Jumapili, 13 Oktoba
Devota kaenda misa. Mimi nimekaa chini ya upenu, nimejishika. Kazi mbaya hiyo! Nimesikiliza watu tu. Bibi anakwenda kisimani: naja. Muuza dagaa kawasha baiskeli — haiwashwi, kaipanda — naja, mama! Mtoto wa jirani anakimbia asitumwe: naja! Huyo ndiye harudi kabisa.

Loo. Kwetu anayeondoka husema anakuja. Kusema "naondoka" ni kama kumfungia mtu mlango puani. Basi Imani alisema nini pale mlangoni pa gari? Alisema kwaheri. Kwa adabu.

Miezi yote hii nimelala na kwaheri nikidhani ni ahadi.

Nimemchukia Devota na muwa wake. Jana nilikuwa mjinga mwenye raha.

Jumatatu, 14 Oktoba
Mfaume, kaka yake Imani, kanikuta kibanda cha kuchaji simu. Shemeji! akaniita. Halafu akakuna shingo. Kasema neno hilo huenda akalirudisha, maana huko Kilwa kuna mtu kaleta posa. Ana duka la vipuri vya pikipiki. Shangazi kafurahi, wazee wamefurahi. Imani ndiye hajajibu. Wanamtaka aseme Ijumaa hii.

Nikacheka. Nikasema mwenye vipuri si mwenye pikipiki. Nilicheka vizuri sana, hata mimi ningeamini.

Mfaume hakucheka. Mpigie, bwege wewe, unangoja nini, kope likuambie?

Kwa nini sijampigia? Kwa sababu aliyeambiwa "naja" haulizi uko wapi. Anangoja. Akiuliza, keshakubali kwamba labda haji.

Jumanne, 15 Oktoba
Devota kamaliza. Nimembebea begi mpaka kwa bodaboda. Nikamuuliza basi vichwa vinasemaje? Kasema bado hajajumlisha, ila kwa tafiti za wenzake waliotangulia, wanaojishika huwa wanaamini ishara kidogo kuliko wengine. Huwa. Si wote. Mzee Alfonsi na bundi wake, kwa mfano.

Nikamwambia mimi nilijishika, nikapata jibu la pili, na jibu la pili ni chungu. Harudi.

Akaniangalia.
— Umemuuliza?
— Nimefikiri.
— Kufikiri bila kuuliza, mdogo wangu, ni kope la chini tu.

Bodaboda ikanguruma. Akapunga mkono: "Naja!" Akajisikia alivyosema. Akaziba mdomo, akacheka mpaka dereva akageuka. Mmakonde wa watu! Nimebaki na vumbi na kicheko, nikaona nitamkosa na huyu.

Jumatano, 16 Oktoba
Asubuhi nimepiga. Inaita, inaita. Nimepiga tena. Hapokei.

Nikaandika ujumbe mrefu wenye mashairi. Nikaufuta. Nikaandika: Imani, siku ile ulisema naja. Ulikuwa unakuja au unakwenda? Mimi nakutaka. Ismael. Nikautuma nimefumba macho.

Adhuhuri ikapita. Wali sikuuonja, bibi kaniwekea mkono kwenye paji.

Sasa hivi simu imelia. Ni yeye. Neno moja:

Naja.

Jibu la kwanza: anakuja! Yuko njiani! Jibu la pili: kaitwa na shangazi, kaacha simu, atajibu baadaye. Au ni kwaheri tena, ya adabu, ya mwisho. Nimepiga. Imezimwa.

Gari la Lindi hufika jioni. Kope nalo limetulia, leo ndiyo limetulia, limeniacha peke yangu.

Nimevaa shati la Idi. Bibi yuko mlangoni anauliza naenda wapi nimejipamba hivi, na nani kafa.

Nimemwambia: naja, bibi.