Kipande cha Bahasha

Kaloleni, 3 Machi 2025

Baba mpendwa,

Habari za Njiru? Goti linasemaje? Sisi tu wazima, ila mimi kichwa kinanizunguka. Simu huisikii vizuri, ndiyo maana naandika na kumpa kondakta wa matatu akuletee.

Tangu uniachie karakana, matundu yamenishinda. Natoboa kwa drili, nasawazisha kwa rima, ile fimbo ya chuma yenye meno, kama ulivyokuwa ukifanya, lakini pini ikiingia inachezacheza. Bushi kumi, vile vikombe vya chuma vya kushikia pini, zimeharibika. Andati wa kinu cha unga amesema zake zisipokaa sawa Ijumaa, atatafuta fundi mwingine. Naye kaka Owiti anataka tuuze mashine. Nakosea wapi?

Bintiyo, Awiti

Njiru, 4 Machi

Mwanangu,

Salamu zimefika. Goti hulia wakati wa baridi tu. Tundu likipanuka, angalia kama rima imesimama wima. Mafuta usiyaonee uchungu. Ukiitoa, usiizungushe kinyume, utaua meno yake. Haraka haraka haina baraka.

Baba

Kaloleni, 5 Machi

Baba,

Umeamkaje? Nimeisimamisha wima mpaka macho yakauma. Mafuta yameingia hadi kwenye viatu. Tundu bado kubwa! Na rima yenyewe ni mpya, niliinunua yako ilipokatika. Hata kile kipande cha bahasha ya sadaka nakichomeka kwenye mfereji ulio kati ya meno yake kama ulivyokuwa ukifanya wewe, huku nikiomba. Sielewi kabisa. Leo Owiti ameleta mtu kuikagua mashine. Kama kazi hii si yangu, niambie tu.

Awiti wako

Njiru, 7 Machi, asubuhi

Awiti mwanangu,

Umelalaje? Jana sikujibu kwa sababu ya aibu. Rima yangu ilichakaa mwaka ule mama yako alipolazwa, ikawa inatoa matundu madogo. Sikuweza kununua nyingine. Nikawa naibana kwa karatasi upande mmoja ili ikate zaidi. Ulipouliza ukiwa mdogo, nilikwambia ni baraka ya kazi. Watu waliponisifu, nikanyamaza. Rima mpya haitaki karatasi. Itoe. Owiti nimemwambia mashine ni yako.

Baba yako

Kaloleni, 7 Machi, jioni

Baba,

Pole na goti. Nimeitoa karatasi, nikatoboa bushi mpya. Pini imeingia kwa kusukumwa na kidole gumba, ikatulia. Andati amechukua bushi zake akiimba. Mimi nimecheka, kisha nikalia.

Lakini sasa ndio nimechanganyikiwa zaidi. Katika yote uliyonifunza, lipi lilikuwa ufundi na lipi lilikuwa shida zetu? Njoo Jumamosi tuyapitie moja moja. Nitakupikia omena.

Bintiyo, Awiti