Ubao Wenye Jina Lako

Guyo, ndugu yangu,

"Marehemu mwenyewe angetuunga mkono." Hivyo ndivyo alivyosema mwenyekiti wa chama cha waongoza wageni, juzi hapa Garsen, kifua mbele, na watu wakampigia makofi. Nilisimama nikamwambia ni uongo. Unanijua. Sikusema kwa upole.

Maana marehemu anayemsema ni wewe. Na wewe hata homa ilipokuzidi hukuwahi kuunga mkono upuuzi wa namna hii.

Ngoja nikueleze. Tangu tukuzike, wageni wanaotaka kupiga makasia mtoni na kulala msituni wameongezeka. Hilo ni jema, tulilitamani sisi wawili kabla ya hao wote. Lakini sasa chama kinataka kambi ya kudumu, na kimechagua malka yetu, ukishakipita kijiji cha Hewani, ile njia pana ambayo ng'ombe wa kwenu huteremkia kunywa maji. Nguzo zimeshachimbiwa. Seng'enge inafuata. Na juu ya lango wataweka ubao: Kambi ya Guyo.

Jina lako, Guyo. Juu ya lango lililofungwa.

"Pale ni uwazi tu, hapana mtu," anasema mwenyekiti. Nimesoma vitabu vingi vya wasafiri waliopita kwenye mito kama huu wetu, na wengi waliandika neno hilo hilo: hapana mtu. Waliliandika wamekaa ndani ya mtumbwi unaosukumwa na watu, wakila ndizi za watu. Sikutegemea kulisikia kutoka kwa mwenyekiti, mwenzangu wa kijijini Ngao.

Watu wapo. Sisi tunajua, kwa sababu nusura tukanyagwe.

Safari yetu ya kwanza, unaikumbuka? Ulikuwa umerudi kutoka chuo Mombasa na huambiliki. Mimi nilitaka tulale ng'ambo, kwenye mikuyu. Ukakataa. Kule kuna siafu, ukasema, hapa ni tambarare, pasafi kama ua uliofagiliwa. Hukujiuliza nani aliyepafagia. Mtoto wa wafugaji! Alfajiri nikasikia pumzi nzito, kisha pembe ikatoboa turubai na hema likatuangukia. Nilitoka kwa magoti nikaona ng'ombe mpaka macho yanapoishia, na nyuma yao baba yako mdogo, Barisa, fimbo begani. Hakuuliza kama umeumia.

"Guyo! Ndivyo chuo kilivyokufundisha, kulala mlangoni mwa ng'ombe?"

Kisha akanigeukia. "Na wewe Mpokomo, huyu mgeni umemwokota wapi?"

Tukanywa maziwa aliyotukamulia, tumekalia hema lililochanika, na wewe huwezi kumtazama usoni. Tangu siku hiyo tulilala pembeni, kila safari, njia tukaiacha wazi.

Nakukosa mtoni kuliko mahali pengine popote. Ulikaa mbele kila mara, umeushika ukingo wa mtumbwi kama umeshika pembe za fahali, maana kuogelea hukujua mpaka mwisho. Kiboko akiibuka, unaanza kunilaumu mimi, kana kwamba nimemfuga. Samaki ulimwita nyoka mwenye mapezi. Halafu nikikaanga kambare, mifupa inabaki mitupu. Sasa napiga kasia peke yangu na mtumbwi unainuka mbele, hauna uzito wako. Nimejaribu kuweka gunia la mchanga. Haifai. Nilipoliona limekaa pale nililitupa majini, nikalia kama mjinga.

Safari ya mwisho hukuweza tena hata kuushika ukingo. Tulipofika malka ukaniomba tusimame, ingawa jua lilikuwa bado juu. Ng'ombe walikuwa wanakunywa. Kando yao mahindi ya dada yangu yalikuwa yamesimama, hakuna hata jani lililoliwa. Ukatazama kwa muda mrefu, ukasema, "Njia hii ikizibwa, mimi na wewe hatutapanda mtumbwi mmoja tena."

Hayo ndiyo maneno ya marehemu. Mwenyekiti hakuwapo. Mimi nilikuwapo.

Ng'ombe wakikosa njia watapita shambani. Wakishapita shambani, watu wa kwenu na watu wa kwetu wanajua kinachofuata. Tumeshazika watu, wenu na wetu. Hatuhitaji kufundishwa.

Hema lile nimelishona. Kiangazi kikianza nitakwenda kulala pembeni mwa malka, niamke mapema, nimwamkie Barisa kwa niaba yako. Amezeeka sana tangu uondoke, lakini matusi yake bado ni mapya. Pumzika, ndugu yangu. Sitakuacha utumiwe kama kufuli.

Nanyi vijana wa chama, barua hii nitaisoma mbele yenu mkutano ujao, kwa hiyo sikieni. Ng'oeni nguzo zile kabla ng'ombe hawajaanza kuteremka. Kambi jengeni ng'ambo, kwenye mikuyu, nilikotaka tulale tangu mwanzo, siafu mtawazoea. Na ule ubao msiutupe. Nileteeni. Nitaukata kwa kipimo cha mtumbwi wangu, niufunge mbele, pale alipokuwa akikaa.