Ndoo Juu ya Tairi

3 Machi

Kwako Mziwanda wangu,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ila mvua haitupi nafasi. Wewe je, unakula?

Nina shida ya kazi. Nachanganya rangi dukani tangu nikiwa nakubeba mgongoni, na hakuna ukuta uliowahi kulalamikiwa. Sasa ndoo mbili kubwa za kijivu zimetoka na michirizi. Tajiri mwenye duka kaapa kwamba ya tatu ikitoka hivyo, nichukue mwiko wangu niende nao nyumbani. Wewe si unasomea maji yanayozunguka? Basi yafae.

Mama yako

14 Machi

Shikamoo Mama,

Mimi mzima, na nakula, usianze.

Hapa maabara nina sinia pana la maji. Nikiyazungusha upande mmoja tu na kutia wino katikati, wino unabaki humohumo ukizunguka, kama mlevi anayetafuta mlango wa kwake. Lakini mota ya chini ikilisukuma sinia huku na huku, ule mzunguko unavutwa, unarefuka, unakatika nyuzinyuzi, na wino unaenea kote. Kwa hiyo usikoroge tu. Weka ndoo juu ya tairi kuukuu, uiyumbishe hata kwa mguu.

Ila nauliza: mwiko uleule, rangi ileile, michirizi imetoka wapi? Na mbona mwandiko wako umelala hivi? Mkono una nini?

Mziwanda wako

2 Aprili

Mziwanda,

Hujambo? Sisi wazima, mvua imekatika.

Msomi mzima hukuniambia nifunge mfuniko! Nimeyumbisha mara ya kwanza, kijivu chote kikamrukia Tajiri kwenye suruali yake nyeupe. Nilicheka mpaka nikakaa chini, naye hakucheka. Ya pili nimefunga, ikatoka laini kama maziwa. Kanibakiza.

Mama yako

9 Aprili

Shikamoo Mama,

Nisamehe, sinia langu halina mfuniko, sikuwaza kabisa.

Lakini suala la mkono umeliruka. Nimempigia shangazi simu, kasema bega lako la kulia halinyanyuki tangu mwaka jana, hata nywele anakusuka yeye. Nimeumia sana, Mama. Mwalimu wangu anasema nikiondoka kabla jaribio halijaisha, nafasi anapewa mwingine. Apewe. Begi nimefunga, Jumamosi ijayo napanda basi.

Mziwanda wako

12 Aprili

Mwanangu,

Barua hii nimempa dereva wa basi akukabidhi mkononi, ikuwahi.

Shangazi yako mdomo hauna breki. Ni kweli, bega limekataa. Nilikuwa nakoroga katikati tu, pembeni mwa ndoo kubwa mkono haufiki, ndiyo michirizi hiyo. Nilikuficha kwa sababu nilijua utafunga begi. Niliogopa hilo kuliko Tajiri.

Sasa sikiliza. Nakaa kwenye kigoda, nayumbisha kwa mguu, mkono umepumzika. Jana nimemaliza ndoo sita, na Tajiri kaleta tairi la pili yeye mwenyewe.

Umeniandikia kwamba kinachojizungukia hakichanganyiki mpaka kisukumwe kutoka nje. Siku ile unaondoka ulinishika kanga, ukalia, nikakusukuma mimi, kwa mkono huuhuu. Mkono ulikuwa na nguvu bado. Leo sina mkono wa kukusukuma mara ya pili, kwa hiyo usinirudie mlangoni. Fungua begi, umalize wino wako.

Barua zote hizi nimeandika kwa mkono wa kushoto. Mwandiko unanyooka kidogo kidogo, tazama mwenyewe.

Mama yako