Kilio cha Mama Ndani ya Roki

Mweiga, Jumatatu

Kwako dada Phoebe,

Bwana asifiwe. Je, magoti yako yamepata nafuu? Sisi tuko wazima.

Beverlyne wangu bado yuko na lile kundi la roki la Nyeri, la kunguruma. Sasa wamebadilisha muziki: gitaa zinanyamaza katikati, naye anaimba polepole. Nilishtuka, maana anachoimba ni kile kilio mama yetu alichomlilia baba yetu matangani.

"Umekitoa wapi?" nikamuuliza.

"Kwako, Mama, hukiimba chinichini ukifua nguo."

Nikamwambia hakiimbwi bila maiti, kinaita kifo.

"Na Baba yangu je? Tulimzika huku bila kilio."

Wanarekodi Jumamosi. Nimemwomba Mungu, lakini dada, natamani kukisikia tena. Wewe ndiwe mkubwa: nimkubalie? Tafadhali nijibu kabla ya Ijumaa.

Mdogo wako,
Khavere