Kizibao Alichokataa Mzee

Jumatano, tarehe 6 Novemba. Asubuhi kuna ukungu na theluji nyembamba. Hakuna upepo.

Mama mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku Kanada. Goti lako linaendeleaje? Na mahindi hapo Chekalini yamekauka, ama mvua bado inawasumbua? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio haujatulia, na nakuandikia kwa sababu kwenye simu ningelia.

Unajua kazi yangu kwenye hii kambi ya wawindaji ni kuwachagulia wageni nguo. Ya ndani ni ya sufu, maana pamba ikilowa jasho inakugandisha. Juu yake sweta nzito. Ya nje ni ile ya mabaka kama ya jeshi, ambayo huko nyumbani ukiivaa polisi watakushika. Juu ya zote kinakuja kizibao cha rangi ya machungwa, ili wawindaji wengine wakuone wasikupige risasi. Kulungu hatambui vizuri rangi hiyo, mtu anaitambua.

Jana mzee mmoja, wa umri wa marehemu Baba, alikikataa. Alisema alianza kuwinda kabla sijazaliwa. Nilimwambia mara moja tu akivae. Ulivyotulea, Mama, mtu mzima kama yule ningembishiaje? Nikamfunga vifungo, akaenda.

Saa sita wenzake walirudi bila yeye. Mlio wa bunduki ulikuwa umesikika upande aliokwenda, na kila mmoja alisema si yake. Wanaume saba wakaingia msituni. Nilibaki mlangoni nikizikumbuka nguo nilizomvika: kahawia, kijani iliyofifia, kijivu kama magome ya miti. Nilikuwa nimezichagua vizuri mno. Walimpita mara mbili, hatua chache kutoka alipoanguka, mguu umevunjika, sauti imekauka kwa baridi. Risasi ilikuwa yake mwenyewe, ya kuomba msaada. Saa kumi ndipo mmoja alipomkanyaga mkono.

Msimamizi akaleta kitabu cha ajali niandike. Robinah, mpishi wetu, Mganda, alinivuta jikoni.

"Dada, andika kizibao alikivua mwenyewe huko mbele. Nani atajua?"

"Mzee atajua."

"Mzee amelazwa. Na kibali chako cha kazi kinaisha Januari."

Niliandika kwamba alikikataa, nami nikamwacha atoke. Msimamizi alisoma akiwa amesimama, akauliza kama nina hakika nataka ibaki hivyo. Nikasema ndiyo. Akasema tutaongea Ijumaa, akachukua funguo za chumba cha nguo.

Kwa hiyo usimwambie mtu kwamba narudi, wala kwamba nabaki. Niombee tu.

Nisalimie kaka Wekesa, shangazi anayekuchotea maji, na jirani anayekusomea barua zangu. Yeye naye anyamaze.

Ni mimi binti yako,
Nafula

Najua utauliza kama nililala. Nililala, saa tisa na dakika ishirini usiku.