Nyumba Isijue Nimetoka

Mama,

Umeamkaje? Huku Doha joto huanza kabla ya chai, na mimi situlii. Hata kadi hii naiandika nimesimama, hapa mapokezi ya hoteli.

Jana darasa letu la jioni, lile la hadithi na michoro ya Waslavi, tulienda nyumbani kwa Mwalimu Halyna kumsindikiza. Anarudi kwao Ukraine kabisa. Teksi ilikuwa inapiga honi chini, nami nishasimama mlangoni na begi lake. Ghafla yeye na mumewe wakakaa juu ya masanduku, kimya. Nikajua ni maombi. Nilipoona hakuna anayeanza, nikaanza mimi, vile wewe hufanya tukisafiri. Niliomba kwa Kiswahili mpaka nikafika kwa magurudumu ya ndege.

Mwalimu alingoja amina, kisha akacheka. "Mwende, si haya tumesoma muhula mzima? Kwetu msafiri hukaa kwanza, nyumba idhani haondoki."

Kweli Mama, niliandika insha nzima juu ya desturi hiyo, na nilipoiona kwa macho sikuitambua. Akanivuta nikae kando yake. Nilikaa, miguu ikitaka kwenda, na jikoni kwetu kukanijia kote, hadi harufu ya moshi.

Msalimie Baba, na usiache dawa za presha. Kigoda changu cha kando ya jiko usimpe mtu. Sitaki nyumba ijue nimetoka.

Wako,
Mwende